Muulize Fundi: Farasi wa mistari 30

Ukurasa huu hujibu maswali ya wasomaji kuhusu redio, runinga na vitu vingine vya umeme. Anayejibu ni fundi mstaafu mwenye kibanda chake Makoroboi, jijini Mwanza.

SWALI: Shikamoo mzee fundi. Sisi ni vijana wa mwaloni Kirumba. Jioni tukishapakua samaki huwa tunapita kwenye duka la kubeti, na pale kuna zile mbio za farasi wa kuchorwa kwenye kompyuta. Juzi mwenzetu mmoja akasema Waingereza walirusha mbio za farasi wa kweli kwenye televisheni mwaka 1931. Tukamcheka, maana sote tunajua televisheni imekuja baada ya Vita ya Pili. Amekataa kunywea. Tumewekeana sato wa kilo mbili. Tuamulie.

JIBU: Marahaba wanangu. Mpeni mwenzenu sato wake, na asiwe yule aliyelala kwenye barafu tangu juzi.

Mbio anazozisema ni Derby ya Epsom, kusini ya London, tarehe 3 Juni 1931. Farasi aliyeshinda aliitwa Cameronian, aliyempanda ni Freddie Fox. Zilirushwa palepale zinapokimbiwa, hazikuwa filamu ya kuonyeshwa kesho yake. Aliyezirusha ni John Logie Baird, Mskoti mmoja mwenye afya mbovu na kichwa kisichotulia, akipitishia kwenye mtambo wa BBC. Wakati huo ilishapita miaka mitano tangu awaonyeshe wanasayansi picha yake ya kwanza ya sura ya mtu, Januari 1926, kwenye chumba cha juu mtaa wa Frith, London.

Ila na nyie mliobisha msijione wajinga sana. Mngekaa mbele ya kile kisanduku siku ile, huenda mngeapa kwamba hakuna farasi mliyemwona. Hapo ndipo ugomvi wenu unaponinogea.

Runinga ya siku hizi hupanga picha kwa mistari zaidi ya elfu moja. Ya Baird ilikuwa na mistari 30 tu, na ilisimama wima, haikulala. Chukueni fito 30, mzisimamishe ziwe kama ua, halafu mfanye kila ufito uwe na sehemu nyeupe na sehemu nyeusi. Sasa chora farasi. Picha hiyo ilibadilika mara 12 na nusu kwa sekunde, kwa hiyo ilipepesuka kama koroboi penye upepo. Tena ilikuwa nyembamba, ndefu kwenda juu, wakati farasi anayekimbia ni kitu kirefu cha kwenda pembeni! Mtu unajiuliza: kati ya vyote vilivyopo duniani, kwa nini huyu bwana alikwenda kuchagua farasi?

Nami nilijiuliza hivyo miaka mingi. Jibu nililipatia Buzuruga, nimesimama kando ya barabara siku ya mbio za baiskeli. Nyie mnazijua mbio zetu za baiskeli hizi za Kanda ya Ziwa. Unasimama saa nzima, jua linakuchoma, kisha wanapita vuu, umeona migongo na vumbi. Lakini hukuhitaji kwenda popote. Umesimama mahali pamoja, wao ndio wamekufuata. Basi Baird naye alikuwa na jicho lisiloweza kutembea. Mpira wa miguu huku na huku ungemshinda. Farasi wa Derby lazima wapite penye nguzo ya kumalizia, na akishapaki pale, kazi kubwa imekwisha.

Jicho lenyewe lilikuwa ndani ya gari mfano wa kibanda chenye magurudumu. Humo mlikuwa na pipa limebandikwa vioo 30 vya kujitazamia, kila kioo kimeinamishwa kidogo tofauti na jirani yake. Pipa likizunguka, kioo cha kwanza kinadaka ufito wa kwanza wa mandhari, cha pili ufito wa pili, mpaka 30, kisha linaanza upya. Mwanga ule unaangukia seli inayougeuza kuwa umeme: penye weupe umeme mwingi, penye weusi kidogo. Umeme ukasafiri kwenye waya wa simu kutoka Epsom hadi London, ukaingia kwenye mtambo wa redio, ukaruka. Pipa zito kama lile huwezi kulizungusha kufuata farasi. Kwa hiyo kwenye mlango wa gari walifunga kioo kikubwa, wakawa wanakielekeza huku na kule kama dereva anavyorekebisha kioo cha pembeni.

Nyumbani kwa mtazamaji kulikuwa na sahani ya bati yenye matundu 30 yaliyopangwa kizungukio kama nyumba ya konokono, mota ya kuizungusha, na nyuma yake taa ya neoni yenye mwanga wa chungwa. Wazo la sahani hiyo lilikuwa la Mjerumani, Paul Nipkow, alilisajili mwaka 1884. Picha unayoiona imepita kwenye lenzi na bado ni ndogo tu, ya kutazamwa na watu wawili waliobanana mabega. Ukitaka picha na sauti kwa pamoja ulihitaji redio mbili, moja inase sauti, nyingine inase picha. Ukiisikiliza ile ya picha kwenye spika inaunguruma kama nyuki waliochokozwa.

Sasa fikirieni hao watazamaji. Masikioni mtangazaji anawaambia nani yuko mbele. Machoni wana vivuli vinapita, kama samaki unaowaona chini ya mtumbwi maji yakiwa na tope. Nasema mtangazaji ndiye aliyeubeba mzigo, na redio ilikuwa na uzoefu wa mbio kabla: BBC walianza kutangaza mashindano moja kwa moja mwaka 1927. Mwaka mmoja kabla ya hapo waliruhusiwa kupeleka vinasa sauti Derby, sauti tu, bila mtu wa kueleza, kwa sababu wenye magazeti waliogopa kuharibiwa biashara. Mvua ikanyesha. Kwato zikakanyaga tope, hazikusikika.

Mwaka 1932 Baird akarudi palepale Epsom na kitu kikubwa zaidi. Safari hii alituma picha tatu za mistari 30 kwa wakati mmoja, zikaunganishwa ubavu kwa ubavu, zikaonyeshwa kwenye pazia la sinema ya Metropole, London. Angalau farasi akapata nafasi ya kunyoosha miguu. Aliyeshinda aliitwa April the Fifth, jina alilopewa kwa sababu alizaliwa tarehe 5 Aprili. Mwenye farasi alikuwa mwigizaji wa vichekesho, Tom Walls, aliyemfundisha yeye mwenyewe. Mimi hilo hunichekesha kila nikilikumbuka: watu wamekwenda sinema, mcheza sinema ameshinda, ila safari hii kwa miguu ya farasi wake.

Kwa hiyo muamala wenu uko hivi: mwenzenu sato, nanyi mwambieni kwamba alichokiona mtazamaji wa 1931 si kile anachokiona yeye dukani. Mkimaliza kumla, mifupa mniletee nina paka.

SWALI: Shikamoo baba. Mimi nacheza ngoma na kikundi kimoja hapa Kisesa. Kila tukirekodiwa video, mpiga picha anatugombeza: shanga nyekundu zinavuja rangi, nguo nyeupe zinaunguza picha. Dada yangu anasema wasanii wa kwanza wa televisheni walikuwa wakipakwa midomo rangi ya bluu. Ni kweli, au ananitania?

JIBU: Marahaba mayu. Dada yako hakutanii.

Ile seli ya mwanga niliyowaeleza vijana wa Kirumba ilikuwa na tabia yake. Rangi nyekundu iliiona kama nyeupe. Mwimbaji akipaka lipstiki nyekundu ya kwenda dansini, kwenye picha midomo inapotea, unabaki uso kama yai. Basi wakawapaka midomo bluu au nyeusi, wakawachora nyusi nene na mistari pembeni mwa pua, ili mtazamaji ajue pua iko wapi. Ukikutana na mtu kama huyo kwenye korido usiku unaweza kurudi ulikotoka.

Hiyo ilikuwa kwenye studio ya chini kabisa ya jengo la Broadcasting House, London, ambako BBC walianza kuendesha wenyewe vipindi vya mistari 30 tarehe 22 Agosti 1932. Mwandaaji alikuwa Eustace Robb, mwanajeshi wa zamani. Na mle ndani hapakuwa na taa kali kama unazozijua wewe. Kinyume chake, kulikuwa giza! Mashine ilirusha nukta moja ya mwanga iliyokuwa ikimpitia mchezaji chini hadi juu, mistari 30, haraka haraka, na seli zikadaka mwanga unaorudi kutoka mwilini mwake. Kwa hiyo wewe unacheza gizani huku umulikwe na kitu kinachopepesa machoni kama radi isiyokwisha. Jaribu kucheza bugobogobo namna hiyo, jembe mkononi, halafu umrushie mwenzako.

Utaona kwa nini hawakuchagua ngoma ya watu hamsini. Picha ilimbeba mtu mmoja kuanzia kifuani, ikijitahidi sana watu wawili wazima. Mwimbaji mmoja, mcheza dansi mmoja, mchekeshaji, mtu wa mazingaombwe. Huko Uingereza burudani za namna hiyo zilikuwa tayari, zimepikwa, kwenye kumbi zao ambako mtu analipa kiingilio aone vitu kumi vya dakika tano tano. Televisheni ikapita na kikapu chake ikachukua vinavyoingia. Josephine Baker, yule Mmarekani mweusi aliyewatia wazimu Paris, alicheza kwenye studio hiyo mwaka 1933. Mwembamba, mrefu, peke yake: picha ile wima ilikuwa kama imeshonwa kwa kipimo chake.

Kuna kitu kimoja cha wakati huo nakipenda kuliko vyote. Aprili 1933 kulikuwa na onyesho la wasichana waliocheza wakiwa wamejipanga mstari, waliitwa Paramount Astoria Girls. Mtu mmoja nyumbani kwake, ambaye wala si mfanyakazi wa kituo, akachukua mashine ya kukatia santuri, akarekodi ule mngurumo wa picha kwenye santuri ya alumini. Santuri ikalala. Miaka zaidi ya 60 baadaye mhandisi Donald McLean akaipitisha kwenye kompyuta, mngurumo ukageuka tena kuwa wasichana wanarusha miguu. Santuri ya alumini! Na mimi ni shahidi kwamba kanda za harusi za hapa mjini za mwaka 1995 zimeshaliwa na ukungu.

Kuhusu shanga zako: mwambie mpiga picha apunguze rangi kwenye kamera, shanga ziacheni nyekundu.

SWALI: Mzee fundi, mimi ni mwalimu, Ukerewe. Nimesoma mahali kwamba siku BBC walipozindua televisheni yao rasmi kulikuwa na wasanii weusi. Wanafunzi wangu hawaamini. Pia nimesoma habari za sinema ya balbu 2,100: hiyo ni kitu gani?

JIBU: Mwalimu, waamini. Tarehe 2 Novemba 1936, jengo la Alexandra Palace juu ya kilima, kaskazini ya London. Hotuba za wakubwa, Adele Dixon akaimba, kisha kipindi cha burudani mseto, na humo wakawemo Buck na Bubbles, Wamarekani weusi wawili, mmoja kinandani, mwingine akigonga sakafu kwa viatu vya chuma. Walikuwemo pia wacheza sarakasi wa Kichina, wale wa kuzungusha sahani juu ya vijiti.

Siku hiyo ilikuwa na kichekesho chake. Kulikuwa na mitambo miwili inayoshindana, wa Baird, mistari 240, na wa kampuni ya Marconi-EMI, mistari 405. Wakarusha shilingi kuamua nani aanze, Baird akashinda. Uzinduzi ukafanywa kwa mtambo wake, halafu wakubwa wakaombwa wairudie shughuli ileile tena kwa mtambo wa pili. Kushinda shilingi hakukumsaidia. Kamera yake kubwa ilikuwa haisogei, na ilichofanya ni kupiga filamu, kuisafisha hapohapo kwenye dawa, kisha kuisoma ingali mbichi, ikichukua kama dakika moja. Kwa farasi wa Epsom, dakika moja mtu ameshachukua pesa zake amekwenda. Februari 1937 wakauacha mtambo wake. Derby ya 1938, aliyoshinda Bois Roussel, ilirushwa kwa kamera za mistari 405 ambazo hata mguu wa farasi ulionekana ni mguu.

Balbu 2,100: hiyo ilikuwa Julai 1930, ukumbi wa Coliseum, London, ukumbi wa burudani hasa. Baird alisimamisha ubao wenye balbu ndogo 2,100 za aina ya tochi, kila moja kwenye kijichumba chake, na swichi inayozunguka ikiziwasha kwa zamu kadiri picha inavyotaka. Watu walikaa ukumbini wakaona kichwa cha mtu aliyeko studio kwingine, wakasikia akiongea. Televisheni ikawa nambari mojawapo kwenye ratiba, baina ya waimbaji na wana sarakasi. Waambie wanafunzi: balbu 2,100, na fundi wa kuzibadilisha zikiungua. Mimi kazi hiyo ningeikataa.

SWALI: Sisi bara tulichelewa kupata televisheni kwa sababu gani? (Msomaji, Nyegezi)

JIBU: Kwa uamuzi. Zanzibar walianza mwaka 1973, tena ya rangi. Bara, serikali iliona ni anasa, redio inatosha, mpaka vituo vya watu binafsi vikaanza mwaka 1994. Kabla ya hapo runinga nilizotengeneza hapa Mwanza zote zilikuwa za kuonyeshea deki. Mteja analeta seti nzuri ya Kijapani, unageuza chaneli zote, chenga tupu. Wengine waliziwasha hivyohivyo wageni wakija.

SWALI: Shikamoo. Mimi nasoma ufundi umeme. Nawezaje kutengeneza televisheni ya sahani kama ya Baird?

JIBU: Marahaba. Unaweza, nami nimefanya, sikiliza kwanza nilivyokosea.

Mwaka juzi mjukuu wangu aliniletea wazo hilohilo. Nikajifanya najua. Nikakata sahani ya bati la mabati ya paa, nikagawa mduara kwa protrakta, digrii 12 kila tundu, nikatoboa matundu 30, kila moja likiingia ndani kidogo kuliko lililotangulia. Nikaifunga kwenye mota ya feni ya mezani. Namba moja ikatetemeka. Nikasema ikishika kasi itatulia, nikaweka namba mbili. Bati likachomoka kwenye shafti, likaruka mita tatu, likaingia kwenye kioo cha runinga ya mteja iliyokuwa imekuja kubadilishwa swichi tu. Nimeilipa kwa miezi miwili. Mjukuu hakusema neno, na hilo ndilo lililoniuma.

Sahani ya pili tulikata kwenye boksi gumu lililokuja na feni yenyewe, tukaipaka masizi ya koroboi isipitishe mwanga. Matundu nilitoboa kwa sindano ya kushonea magunia iliyopashwa moto. Nyuma tukaweka taa za LED nyekundu, mbele yake karatasi ya mafuta kutawanya mwanga. Mjukuu akashusha kwenye intaneti faili la sauti lenye picha ya mistari 30, akalipitisha kwenye simu, kwenye amplifaya, mpaka kwenye taa. Mota unaitaka mizunguko 750 kwa dakika, kwa sababu 12 na nusu kwa sekunde mara 60 ndiyo hiyo. Feni haikupi namba hiyo. Tuliipata kwa kubana shafti kwa kidole gumba kilichofungwa kitambaa.

Tulizima taa ya kibanda. Kwanza ikawa mistari myekundu inayolala. Nikabana kidogo, ikasimama, ikaanza kutembea upande kama abiria anayetafuta kiti kwenye kivuko cha Kamanga. Nikabana tena. Kukatokea jicho. Halafu pua, nusu ya pua. Sura nzima ya mwanamke ikakaa kama sekunde nne, akafungua mdomo, kisha akateleza akatoka upande wa kushoto, na pale alipotoka paji la uso likaingia tena kulia. Fundi wa viatu wa jirani alikuwa amesogea mlangoni. Akauliza, "Huyo ni nani?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Mrudishe."

Ukitaka kuja, mimi nipo Jumamosi kuanzia saa nne. Njoo na boksi lako, protrakta na kitambaa cha kidole. Bati uliache nyumbani.